Shingo iliyokaza na mafundo ya misuli: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Lamu

Maswali haya yanatoka kwa watu wa Lamu na visiwa vya jirani wanaokuja kwetu mafizio, watu wa fiziotherapia (tiba ya misuli na viungo kwa mikono na mazoezi), wakiwa na shingo zisizogeuka: washona kofia, wachonga milango, mahamali wa gatini, walimu, kina mama, na siku hizi vijana wa simu. Majibu ni ya jumla, hayachukui nafasi ya mtu kukupima kwa mikono yake. Kama shingo imeanza kukuuma baada ya kuanguka, au mikono inakosa nguvu, ruka yote uende kwenye swali la dalili za hatari.

Fundo la msuli ni kitu gani hasa?

Ni sehemu ndogo ndani ya msuli iliyokaza na isiyotaka kulegea. Pitisha kidole juu ya bega lako, katikati ya shingo na ncha ya bega. Watu wengi watahisi kama kuna ugwe mgumu umelala ndani ya nyama, na juu ya ugwe huo pana mahali pamoja panapouma kuliko pengine. Hapo ndipo penye fundo. Likibonyezwa mtu hushtuka, na wakati mwingine msuli wenyewe huruka kidogo chini ya kidole.

Maelezo yanayotumika zaidi ni haya. Msuli ukishikilia mzigo, hata mdogo, kwa muda mrefu bila kupumzishwa, kama demani, kamba ya tanga, iliyofungwa asubuhi isilegezwe mpaka magharibi, mishipa midogo ya damu iliyomo hubanwa. Oksijeni hupungua, kemikali zinazochokoza neva za maumivu hujikusanya, na neva ya msuli huendelea kutoa amri ya kukaza. Kukaza huleta uhaba wa damu, na uhaba wa damu huleta kukaza zaidi.

Aliyeieneza elimu hii ni daktari wa Marekani, Janet Travell, ambaye alimtibu John F. Kennedy maumivu ya mgongo na mwaka 1961 akawa daktari wake wa Ikulu. Yeye na mwenzake David Simons walichora ramani za maumivu, msuli baada ya msuli, wakazichapisha kuanzia 1983. Si wataalamu wote wanaokubaliana nao. Wako wanaosema kwamba wapimaji wawili wakimpapasa mgonjwa mmoja, kila mmoja anaweza kuonyesha fundo mahali pake, na kwamba huenda tatizo liko kwenye neva zaidi kuliko kwenye msuli. Hoja hizo ni nzito. Hazimzuii mgonjwa kupata nafuu, lakini zinatosha kumfanya mtaalamu apunguze majigambo.

Fundo liko begani. Mbona maumivu nayasikia kichwani, nyuma ya jicho?

Kwa sababu maumivu ya msuli hayakai pale yalipoanzia. Neva za shingo, bega na sehemu ya uso hupeleka taarifa zao mahali pa jirani kwenye uti wa mgongo, na ubongo ukipokea kelele nyingi kutoka sehemu moja huikosea anwani.

Ramani zenyewe hujirudia kwa watu wengi. Msuli mpana wa juu ya bega, unaoitwa trapezi, hupandisha maumivu ubavuni mwa shingo, nyuma ya sikio, hadi kwenye panja. Msuli unaoinua kombe la bega huuma pale pembeni ambapo shingo inakutana na bega, na huo ndio unaomfanya mtu ageuke mwili mzima anapoitwa nyuma. Visuli vidogo vya chini ya kisogo hufunga kichwa kama kimevikwa kofia inayobana. Msuli mrefu unaotoka nyuma ya sikio hadi kwenye mtulinga hupeleka maumivu kwenye kipaji na jicho, na unaweza kumpa mtu kisunzi. Misuli ya mbele na pembeni mwa shingo, inayoshuka hadi kwenye mbavu za juu, hutuma maumivu kifuani, kwenye mkono na hata kidole gumba, na watu hudhani ni moyo. Hapo tahadhari: maumivu ya kifua mtu asijiambie tu kwamba ni msuli. Kwanza moyo uchunguzwe, ndipo msuli usingiziwe.

Wazee wanasema ni upepo umeingia. Kuna ukweli?

Hakuna upepo unaopenya ukakaa msulini. Lakini aliyelala juu ya sutuhi (paa bapa la nyumba) usiku wa kusi, au mbele ya feni, huweza kupandisha mabega na kujikunja bila kujua, akaamka shingo imekamata. Wazee hawakukosea walichokiona. Kilichobaki ni kubishania sababu, na hiyo haibadilishi tiba.

Kazi zetu zinahusikaje?

Zinahusika sana, na si zile nzito peke yake.

Chukua mshona kofia. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5 hivi. Kikikaa wima juu ya shingo, mifupa hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Kikiinama juu ya vitobo vya kitambaa, misuli ya ukosi ndiyo inayokizuia kisidondoke kifuani, na kofia nzuri ya mkono ni kazi ya wiki kadhaa, nyingine miezi. Mchonga milango ni hali ile ile, akaongezewa bega la mkono wa nyundo lililopanda kuelekea sikioni. Anayepaka hina huinamia mkono wa bibi harusi mpaka usiku wa manane. Hawa wote hawabebi chochote, na bado ndio wanaotujia zaidi kuliko mabaharia.

Hamali ana tatizo lake. Mfuko wa saruji wa kilo 50 begani humlazimisha alaze shingo upande wa pili na kukaza misuli ya upande huo. Akizoea bega moja, miaka inakwenda, upande mmoja unakuwa mgumu kama ubao. Vichochoro vyetu havipitishi gari, kwa hiyo kisichobebwa na punda au mkokoteni hubebwa na mtu. (Punda angalau wana hospitali yao hapa mjini.)

Halafu kuna kukuna nazi. Umeketi juu ya mbuzi, magoti yameinuka, kidevu kimeingia kifuani, na bega linasukuma mbele na nyuma. Nazi mbili za mchuzi hazimdhuru mtu. Nazi za harusi ni habari nyingine, na baada ya harusi kubwa huwa tunawajua waliokuwa jikoni kabla hawajasema.

Simu nayo ipo. Pita barazani jioni uhesabu videvu vilivyogusa vifua.

Je, ni wasiwasi au fikira nyingi?

Peke yake, mara chache. Lakini mtu mwenye deni, msiba au usingizi mbaya hukaza taya na kupandisha mabega siku nzima, na maumivu yale yale humuuma zaidi. Kumuuliza mgonjwa analalaje ni sehemu ya kupima shingo. Mtu akiulizwa asidhani anaambiwa anajisingizia.

Nipige picha kwanza?

Mara nyingi hapana. Fundo halionekani kwenye eksirei. Kinachoonekana ni kulika kidogo kwa mifupa ya shingo, jambo ambalo watu wengi waliopita miaka 40 wanalo bila kuumwa na chochote. Wengine huitazama picha, wakasoma neno la kutisha, wakaacha kugeuza shingo kabisa, na hapo ndipo huzidi kukaza. Picha ina maana panapokuwa na dalili za hatari.

Dalili za hatari ni zipi?

Hizi si za kukandwa wala kungojewa mpaka Jumatatu.

Shingo kuuma baada ya kuanguka mnazini, kudondoka kwenye punda, kupiga mbizi maji madogo au ajali ya barabarani. Mtu kama huyo asikunjwe shingo wala asikalishwe. Alazwe juu ya ubao, kichwa na kiwiliwili vihamishwe pamoja kama kitu kimoja, na kichwa kizuiwe pande zote mbili chomboni (kwenye boti) mpaka afike hospitali.

Shingo ngumu pamoja na homa, kichwa kuuma sana, kutapika au kukimbia mwanga: huenda ni homa ya uti wa mgongo, na kila saa ina thamani.

Mikono kukosa nguvu au kuangusha vitu, kutembea kama mlevi, kushindwa kuzuia mkojo au choo: uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa.

Maumivu makali ya ghafla ya shingo au kichwa ambayo hujawahi kuyapata, yakifuatana na kuona vitu viwili, ulimi kuwa mzito, uso kupinda au kuyumba. Huo unaweza kuwa mshipa wa damu wa shingo uliochanika.

Maumivu ya kifua yanayopanda shingoni, kwenye taya au kushuka mkononi, pamoja na jasho na pumzi fupi.

Na zile za polepole: kukonda, jasho la usiku, kikohozi cha muda mrefu, maumivu yasiyotulia hata ukilala, au historia ya saratani. Kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo, na nchini kwetu ugonjwa huo bado upo. Ukiwa mjini nenda hospitali ya King Fahd. Ukiwa visiwani, kituo cha afya kilicho karibu kwanza, nao wapange chombo.

Fizio atanifanyia nini siku ya kwanza?

Atauliza sana kabla hajagusa. Kisha atakuomba ugeuze shingo, uilaze pembeni, uinue mikono. Atapima nguvu za vidole, atakugusa ngozi kuona kama kuna ganzi, atagonga kiwiko kwa nyundo ndogo ya mpira. Anataka kujua kama ni msuli kweli au ni neva iliyobanwa. Baada ya hapo ndipo atapapasa kutafuta ugwe na fundo, akibonyeza na kukuuliza: ndiyo maumivu yako haya haya uliyokuja nayo? Swali hilo ni muhimu. Mafundo yasiyouma yamejaa kwenye mabega ya watu wazima wasio na shida yoyote, na hayo hayahitaji tiba.

Tiba ya kwanza kwa kawaida ni mikono: kubonyeza fundo, kukanda msuli kwa urefu wake, kuunyoosha. Kuna njia moja ya kunyoosha ambayo wagonjwa huipenda kwa sababu haiumi. Fizio anashika kichwa chako, wewe unasukuma dhidi ya mkono wake kwa nguvu ndogo sana, sekunde 5 hadi 10, kisha unavuta pumzi na kuachia, na msuli unakubali kwenda mbele kidogo zaidi ya pale ulipogomea. Inarudiwa mara 3 hadi 5. Anayeifanya kwa nguvu nyingi huiharibu.

Kubonyezwa lazima kuume? Mkandaji wangu husema bila machozi hakuna dawa.

Machozi hayahitajiki. Bonyezo zuri ni la taratibu, linaongezwa mpaka ufikie maumivu unayoweza kuyavumilia huku unapumua kawaida, linashikiliwa hapo kwa sekunde 30 hadi 90. Ndani ya muda huo maumivu hupungua na fizio husikia nyama inalegea chini ya kidole. Ukikunja uso na kuzuia pumzi, msuli unajikinga kwa kukaza, na kazi imekwenda bure. Kuuma kidogo siku inayofuata ni kawaida. Michubuko na alama nyeusi si kawaida.

Sindano kavu ni nini? Ina dawa ndani?

Haina dawa, ndiyo maana ikaitwa kavu. Ni sindano nyembamba isiyo na tundu, ya aina inayotumiwa na matabibu wa Kichina, inayochomwa moja kwa moja kwenye fundo. Msuli huruka mara moja au mbili, kisha hulegea. Mwaka 1979 Karel Lewit, daktari wa Chekoslovakia, aliandika kwamba wagonjwa waliokuwa wakidungwa dawa kwenye mafundo walionekana kupata nafuu kwa sababu ya sindano yenyewe, na tangu hapo wengi wakaacha dawa.

Inasaidia? Kwa wengi ndiyo, kwa siku na wiki za mwanzo. Ushahidi kwamba inashinda mikono na mazoezi kwa muda mrefu ni hafifu. Mimi huiona kama mlango wa kuingilia kwa mtu ambaye shingo yake haikubali kuguswa, wala si tiba ya kurudia kila wiki mwaka mzima.

Ina hatari moja inayostahili kutajwa wazi. Chini ya msuli wa bega iko ncha ya pafu. Sindano ikipelekwa vibaya inaweza kulitoboa, hewa ikavuja kifuani. Hutokea mara chache, lakini ukihisi kifua kinachoma au pumzi inakatika saa chache baada ya kuchomwa, nenda hospitali ukaseme umechomwa sindano ya bega. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwenye mimba, au mwenye kinga dhaifu aseme kabla. Sindano ni ya mtu mmoja, inafunguliwa mbele yako, ikitumika inatupwa.

Na mashine? Hospitali nyingine wananiwekea umeme na mawimbi.

Mashine ndogo ya umeme inayowasha-washa ngozi inaweza kutuliza maumivu wakati imevaliwa, na hilo si dogo kwa mtu asiyelala. Mashine ya mawimbi ya sauti ushahidi wake kwa shingo ni dhaifu. Kama ziara nzima ni kuwekewa mashine, kufunikwa taulo na kuachwa, umelipia umeme.

Nina mkandaji wangu wa miaka mingi, anatumia mafuta ya uta (ufuta). Nimwache?

Usimwache kama unapata raha na hakuumizi. Kukanda kwa mafuta ya uta au ya nazi, baada ya kitambaa cha maji ya moto, kunalegeza msuli kweli, na wakandaji wetu wanajua kupapasa kuliko wengi waliosomea. Mwambie tu asibonyeze mbele ya shingo, pale mapigo yanapodunda, na asikukande kama una mojawapo ya dalili tulizotaja. Kitu asichokupa kwa kawaida ni mazoezi, na bila mazoezi utakuwa mteja wake milele. Yeye hatalalamika.

Hijama je?

Vikombe vya kuvuta ngozi huwapunguzia watu wengine maumivu kwa muda mfupi. Kwa hijama ya damu, suala langu ni usafi: wembe mpya, glavu, vikombe vilivyochemshwa au vya kutupwa. Homa ya ini hupita kwa damu kidogo sana. Mwenye upungufu wa damu, na anayetumia dawa za kuzuia kuganda, asifanye.

Kinyozi akimaliza hunivunja shingo, ikalia "kwa", nikasikia nafuu.

Nafuu ni ya kweli na ni ya dakika chache. Hatari yake ni ndogo lakini ni mbaya: kuzungushwa ghafla kunaweza kuchana mshipa wa damu unaopita ndani ya mifupa ya shingo na kuleta kiharusi, hata kwa kijana. Mwambie akate nywele.

Nifanye nini nyumbani usiku huu?

Anza na joto. Kitambaa kilichokamuliwa maji ya moto au chupa ya maji moto iliyofungwa kanga, dakika 15 hadi 20 begani. Mwenye kisukari au ganzi apimiwe joto na mtu mwingine, ngozi yake inaweza kuungua asijue.

Kisha mpira wa tenisi. Uweke kati ya ukuta na nyama ya bega, nyuma, pembeni mwa uti wa mgongo, usiuweke juu ya mfupa. Egemea polepole mpaka ulipate fundo, kaa hapo ukipumua, dakika moja hivi, uhame. Mafundo matatu yanatosha kwa usiku mmoja. Kuta za zamani za mjini zina vipele vya chokaa, basi tafuta mlango. Ukikosa mpira, ndimu kubwa iliyofungwa kwenye soksi inafanya kazi mpaka ipasuke.

Kwa visuli vya kisogo, lala chali na uviringishe taulo chini ya kisogo, ukitikisa kichwa kidogo kidogo kama unayesema ndiyo.

Mwisho, kunyoosha. Keti, shika chini ya kiti kwa mkono wa kulia, laza kichwa upande wa kushoto na ukielekeze pua kwapani kushoto. Sekunde 20 hadi 30, usivute kwa nguvu, kisha upande wa pili. Mkono ukifa ganzi, acha.

Nimefanya yote hayo, likaondoka, likarudi. Kwa nini?

Kwa sababu umelegeza msuli na hujauongezea nguvu, wala hujapunguza kazi iliyoukaza. Hili ndilo jambo ninalotamani kila mgonjwa alisikie mapema: mikono, sindano na joto hununua muda, na muda huo ni wa kufanya mazoezi. Watu wengi hutumia muda huo kurudi kwenye kazi ile ile kwa mkao ule ule.

Zoezi la kwanza ni dogo mno hata linaonekana mzaha. Lala chali bila mto, vuta kidevu ndani kidogo, bila kuinua kichwa, kama unataka kurefusha ukosi. Shikilia sekunde 10, achia. Mara 10. Linaamsha misuli ya ndani mbele ya shingo, ambayo kwa watu wenye maumivu ya muda mrefu hudhoofika.

La pili ni la mabega. Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ulioukata, unafaa kama ule wa dukani. Ukanyage katikati, shika ncha mbili, inua mikono pembeni hadi usawa wa mabega, shusha polepole. Utafiti wa Denmark uliochapishwa 2011 uliwapa watu wenye maumivu ya shingo na mabega zoezi la aina hii kwa mpira, siku 5 kwa wiki, wiki 10. Waliofanya dakika 2 tu kwa siku walipata nafuu iliyokaribiana na ya waliofanya dakika 12. Dakika 2 hazimnyimi mtu chakula chake cha mchana.

Wiki ya kwanza unaweza kuumwa kidogo zaidi. Maumivu yakizidi mpaka usiku, punguza mvuto, usiache.

Siwezi kuacha kushona. Nitakula nini?

Hakuna anayekuambia uache. Pandisha kazi ije machoni: mto mapajani, viwiko juu ya mto, kofia iwe karibu na kifua badala ya magotini. Egemeza mgongo ukutani. Kaa penye mwanga, maana nusu ya kuinama ni kutafuta tundu gizani, na kama umepita miaka 40 huenda unachohitaji ni miwani. Kila nusu saa simama, zungusha mabega, tazama mbali baharini. Kushona kwa vipande vifupi na mapumziko mafupi ni bora kuliko mkao mzuri usiobadilika, kwa sababu hata mkao mzuri ukikaa saa nne unauma.

Hamali abadilishe bega kila safari. Mkuna nazi apandishe mbuzi juu ya kibao au amwachie mwingine nazi za pili.

Dawa gani ya dukani?

Parasetamoli kwa kiasi kilichoandikwa ni salama kwa wengi, ingawa kwa shingo haina nguvu sana. Ibuprofeni na diklofenaki zina nguvu zaidi na madhara zaidi: vidonda vya tumbo, figo, shinikizo la damu. Zisitumiwe kwa wiki nyingi bila daktari, na mwenye mimba au ugonjwa wa figo asizinunue mwenyewe. Mchanganyiko wa vidonge kwenye karatasi isiyo na jina usimeze.

Mto upi?

Ule unaoijaza nafasi kati ya bega na sikio ukilala ubavu. Kulala kifudifudi ndiko kubaya, shingo inakaa imegeuzwa usiku kucha.

Sala inaniumiza. Nifanyeje?

Kwenye rukuu usining'inize kichwa, kiache kilingane na mgongo. Kwenye sijida shuka kwa kutumia mikono, uzito ubaki kwenye viganja na magoti. Usipoweza kabisa, dini imemruhusu mgonjwa kusali ameketi, na undani wa hilo muulize sheikh wako. Kutoa salamu ndicho kipimo changu ninachokipenda: geuza uso kulia na kushoto polepole, uone umefika wapi. Pande mbili zikilingana, unapona.

Nitahitaji kuja mara ngapi? Natoka Pate, nauli ya boti si mchezo.

Kwa maumivu mapya, mara moja au mbili kwa wiki, kwa wiki chache tu, na wengi hupoa kabla ya hapo. Kwa ya miezi mingi, hesabu wiki 6 hadi 12 za mazoezi, nyingi zake nyumbani. Anayetoka mbali aseme mapema. Apangiwe ziara ndefu chache, mazoezi yarekodiwe kwenye simu yake, na mtu wa nyumbani afundishwe kubonyeza. Ukiona baada ya ziara 4 au 5 hakuna kilichobadilika, mpango ubadilishwe au upelekwe kwa daktari.

Nitamjuaje fizio wa kweli?

Kenya ina baraza la kusajili mafizio lililoundwa kwa sheria ya 2014. Muulize leseni yake ya mwaka huu; aliye nayo hakasiriki. Anayekuuzia ziara 20 kabla hajakupima, ondoka.

Siku ya kwanza nije na nini?

Dawa zote unazotumia, hata za miti shamba. Picha za zamani kama zipo. Nguo isiyobana shingo na mabega. Kina mama wanaweza kuomba fizio wa kike au kuja na mwenzao chumbani. Na mshona kofia aje na kofia yake na sindano, aketi ashone kidogo kama anavyoshona nyumbani, kwani mkao ambao mtu huuelezea kwa mdomo na ule anaoukaa ni mara chache kufanana.